Kukata asilimia sawa kila wizara hakutapunguza nakisi

Mhariri,

Katika mjadala wa kupunguza nakisi ya bajeti, yaani pengo la matumizi ya serikali kuzidi mapato yake, limezuka tena pendekezo la kukata asilimia 10 kila wizara. Hesabu hiyo haisimami. Tuseme mishahara, pensheni na riba ya madeni hula 70 katika kila 100 inayotumika. Hizo haziguswi kirahisi katikati ya mwaka, kwa hiyo 10 zote zitatoka kwenye 30 zilizobaki, yaani theluthi nzima. Hapo ndipo yalipo matengenezo ya barabara, dawa, vipuri na malipo ya makandarasi. Na mkandarasi asipolipwa, deni halifutiki: linahamia mwaka ujao kama malimbikizo, pengine na riba juu, huku nakisi ikionekana imeshuka kwenye makaratasi.

Afadhali utaratibu ulioanza Uswidi miaka ya 1990: bunge hupitisha kwanza ukomo wa matumizi yote, kisha sekta hugawana humo humo. Anayetaka nyongeza ataje kifungu cha kupunguzwa. Wizara ya fedha nayo ije mezani na orodha ya malimbikizo ya kila wizara. Bila hiyo, wabunge watajadili nakisi wasiyoijua ukubwa wake.