Maoni ya walimu wenzetu yasigeuzwe kuwa ushahidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jumuiya za kujifunza zilizoanzishwa shuleni chini ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA. Utaratibu huu naunga mkono: walimu wa shule moja huchagua mada inayowasumbua, mmoja wao akafundisha huku wenzake wakitazama, kisha wakakaa naye kumpa maoni. Kasoro iko katika hatua hiyo ya mwisho, ambayo mara nyingi hufanywa kwa haraka na kuishia kwenye maneno kama "hongera mwalimu, somo lilikuwa zuri, ila ongeza zana."

Maneno hayo hayamsaidii aliyefundisha, kwa sababu hayamwambii ni wapi somo lilipokwama. Chukulia mwalimu anayefundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Anauliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia "ndiyooo mwalimu", lakini katika madaftari ya dawati la nyuma imeandikwa kwamba 1/2 kujumlisha 1/3 ni 2/5, maana watoto wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mwenzake aliyeketi nyuma akiyanakili majibu hayo na kuyaweka mezani, mazungumzo yatahusu hiyo 2/5 na hatua iliyorukwa ubaoni, wala hayatahusu sauti ya mwalimu, mavazi yake au idadi ya miaka aliyokaa kazini. Hayo ndiyo maoni ninayoyaita ya kujenga, na anayeyatoa halazimiki kuyapaka asali.

Najua wapo watakaouliza mwalimu kijana atawezaje kumkosoa mtu ambaye kila asubuhi anamwamkia shikamoo. Wajapani, ambao utaratibu wao wa kuchunguza somo uliingia Zambia mwaka 2005 kwa msaada wa shirika lao la JICA, huliandaa somo kwa pamoja kabla halijafundishwa. Kwa kuwa andalio la somo limetoka mikononi mwa wote, kasoro inayoonekana darasani ni ya wote, na kijana anaweza kusema "hapa tulikosea mfano" bila kumvunjia mtu heshima. Kwetu aghalabu mwalimu huandaa peke yake usiku, akafundisha peke yake, kisha wenzake wakaja na kalamu nyekundu.

Lakini kinachoyaua maoni haya kuliko aibu ni woga. Mwalimu akishuku kwamba yanayosemwa katika jumuiya yatafika kwenye jalada lake, au yatatajwa siku ya kujadili alama zake katika PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ile OPRAS iliyoanza mwaka 2004, atachagua kufundisha mada nyepesi aliyoizoea, na wenzake kwa kumhurumia watamsifu tu. Simlaumu. Upimaji wa utendaji una nafasi yake na mwenye mamlaka nayo ni msimamizi wa kazi. Mwalimu mwenza hakuajiriwa kuwa mkaguzi wa jirani yake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu na maofisa elimu kata watamke wazi kwamba kumbukumbu za somo lililotazamwa zitabaki mikononi mwa aliyefundisha, na kwamba taarifa inayopelekwa juu itaeleza mada iliyojadiliwa na jambo ambalo jumuiya imekubaliana kulijaribu, bila jina la mtu. Jambo hilo lijaribiwe darasani ndani ya wiki mbili na kikao kinachofuata kianze kwa kuangalia madaftari ya wanafunzi wale wale. Na pale ambapo walimu bado wanasitasita, mwalimu mkuu awe wa kwanza kufundisha mbele ya wenzake, akae kimya wanapotoa maoni, na asijibu hoja hata moja mpaka wote wamalize.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro