Kabla ya wauzaji wapya wa stima, tuambiwe bei kamili

Mhariri,

Kila stima inapopotea kwa siku mbili mfululizo, husikika upya rai kwamba Kenya Power ipokonywe ukiritimba na mwananchi aachiwe achague wa kumuuzia umeme. Kisheria mlango huo umeshafunguliwa, kwani Sheria ya Kawi ya 2019 inaruhusu kampuni nyingine kuomba leseni ya kusambaza umeme na kuuuza kwa rejareja. Naunga mkono ushindani, lakini wapo waliotutangulia katika njia hiyo, na si yote yaliyowafika yanayotamanika.

Jimbo la Texas, Marekani, lilifungua soko lake Januari 2002. Wakazi wengi wa Houston na Dallas hujichagulia muuzaji miongoni mwa kampuni nyingi, ilhali wenzao wa Austin na San Antonio wangali wanahudumiwa na mashirika ya miji yao. Jambo ambalo watetezi wa mfumo huo hulipitia haraka ni kwamba nguzo, nyaya na transfoma zilibaki mikononi mwa kampuni moja katika kila eneo. Stima ikikatika, aliyenunua kwa bei nafuu na aliyenunua kwa bei ghali hukaa gizani pamoja, kwa hiyo anayedhani kwamba wauzaji kumi watamaliza kero ya umeme kukatika Kitengela au Kilifi atavunjika moyo.

Ushindani uko kwenye bei, na hapo ndipo penye mitego. Texas humtaka kila muuzaji aonyeshe kwa maandishi bei ya wastani kwa anayetumia yuniti 500, 1,000 na 2,000 kwa mwezi. Nia ilikuwa njema, ila baadhi ya wauzaji wakaanza kuzipanga ofa zao ili zivutie kwenye hesabu hiyo ya yuniti 1,000 tu. Tuseme yuniti moja ni senti 15 za dola, na anayefikisha yuniti 1,000 hupunguziwa dola 100: huyo atalipa dola 50, yaani senti 5 kwa yuniti, na bei hiyo ndiyo itakayopamba tangazo. Jirani yake aliyetumia yuniti 990 atalipa dola 148 na senti 50. Hapo hakuna uongo uliosemwa, lakini mimi siwezi kuiita hiyo biashara ya haki.

Wengine waliuziwa umeme kwa bei ya jumla inayopanda na kushuka. Kampuni ya Griddy ilitoza ada ya dola 9.99 kwa mwezi na kumpitishia mteja bei ya soko kama ilivyo. Baridi kali ya Februari 2021 ilipofika, bei hiyo iligonga kikomo cha dola 9 kwa yuniti, na baadhi ya wateja wakadaiwa maelfu ya dola kwa matumizi ya siku chache. Griddy iliomba kufilisiwa mwezi uliofuata, na mwaka huohuo jimbo likapiga marufuku mikataba ya aina hiyo kwa wateja wa majumbani. Uingereza nako wauzaji wengi walianguka mwaka 2021. Wateja walihamishiwa kampuni nyingine bila kuzimiwa umeme, lakini gharama ya kuwahamisha iliingizwa kwenye bili za wote.

Kwetu hapa, meseji ya tokeni hutenga pesa zilizonunua umeme na zile za tozo nyingine, zikiwemo gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, ushuru wa umeme wa mashambani na VAT. Hata sasa, muuzaji akiwa mmoja, ni wachache wanaoweza kueleza kwa nini shilingi 500 zimeleta yuniti pungufu kuliko mwezi jana. Sembuse wakija watano, kila mmoja na ofa zake za usiku na bonasi kama za bando za simu!

Naiomba EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli nchini, imlazimishe kila muuzaji atangaze bei moja kwa shilingi, tozo zote zikiwa ndani yake, kwa mwenye kutumia yuniti 30 na mwenye kutumia 100, na ikataze nafuu inayotegemea kuvuka kiwango fulani. Ieleze pia mita itakuwa ya nani mteja akihama, na nani atakayewajibika kwa pesa ambazo mteja alilipa mapema iwapo muuzaji atafilisika. Haya yaandikwe ndani ya leseni, kabla muuzaji wa kwanza hajaanza kusajili wateja.

Mhasibu mstaafu,
Nakuru