Kikao cha Jumamosi: kazi ya Clifford Grobstein kuhusu figo

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kikao chetu kimehamishwa kutoka Ijumaa hadi Jumamosi hii, saa 4:00 asubuhi, katika chumba kile kile cha semina. Tutajadili kazi ya Clifford Grobstein (1916–1998), mwanabiolojia wa Marekani ambaye katika miaka ya 1950 alitenganisha sehemu mbili za figo changa ya kiinitete cha panya, akaona kwamba mojawapo, yaani tishu laini (mesenkaima), haiundi mirija ya figo ikiachwa peke yake. Kinachonigusa zaidi ni jaribio lake la kichujio: kipande cha ugwe mgongo (neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo) wa kiinitete, kikiwa upande wa pili wa kichujio chembamba, kiliiamsha tishu hiyo ikaunda mirija. Ishara iliyoiamsha tishu hiyo ilibaki fumbo kwa miaka mingi, hadi mwaka 1994 kundi la mwanabiolojia Andrew McMahon lilipoonyesha kwamba jeni ya Wnt4 ni ya lazima katika hatua hiyo.

Naomba yafuatayo:

1. Kila mmoja asome makala ya 1956 niliyoituma jana, hasa maelezo ya kichujio, kwa kuwa ndiyo kiini cha mjadala wetu.
2. Mchango wa nakala na chai ni shilingi 3,000, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 12:00 jioni.

Tafadhali thibitisheni hapa, kwa kuandika "nitakuja" au "sitaweza", ifikapo Alhamisi hiyo hiyo. Asanteni sana.