YAH: MALALAMIKO KUHUSU GARI-NYUMBA LANGU KURUDISHWA NA UGONJWA ULEULE

Ndugu Meneja,

Kwa heshima zote, naomba barua hii uisome mwenyewe, isiishie kaunta, kwa sababu aliyekaa kaunta ndiye ninayemlalamikia. Namba ya kadi ya kazi mnayo, na masharti yenu mnayajua kuliko mimi.

Niliwaletea Chevrolet P30 ya mwaka 1992, ya petroli, injini ya lita 7.4. Injini ikiwa baridi gari linaondoka vizuri tu. Likishapata moto na kukutana na mwinuko, ukikanyaga mafuta linasita, linajivuta, kisha linachomoka kwa kishindo. Ukilegeza mguu kidogo linapata nafuu. Hayo yote niliyaandika kwenye karatasi niliyoikabidhi pamoja na funguo, na chini yake nikaomba jambo moja: presha ya mafuta ipimwe gari likiwa linapanda mlima, si likiwa limeegeshwa uwanjani. Mfumo wa mafuta uliochoka haujulikani mpaka injini idai mafuta mengi.

Siku ya kulichukua, mkuu wenu wa huduma alizisukuma funguo juu ya kaunta bila hata kuniangalia, akasema kwa sauti, wateja wengine wakisikia: "Mama, gari la umri huu halitafutiwi ugonjwa, linatafutiwa mnunuzi wa vyuma chakavu." Watu wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka. Kisha akanisogezea ankara.

Na ankara yenyewe! Vifaa vya cheche vyote: plagi nane mpya, waya zake zote, kifuniko cha distribyuta na rota yake, koili. Nani aliwaruhusu? Sharti la kumpigia mteja simu kabla ya kubadilisha kifaa mmeliandika nyinyi wenyewe, na simu yangu haikulia hata mara moja. Sisemi vifaa hivyo havihusiki kamwe. Waya wa plagi ulioungua kwa joto la egzosi unaweza kufanya injini imisi, nakubali. Lakini kumisi kwa kukosa cheche na kusita kwa kukosa mafuta ni mambo mawili, na fundi huyatenganisha kwanza kabla ya kufungua boksi la spea. Nyinyi mlianza na boksi.

Eti gari halina kompyuta ya kuongoza injini! Hiyo ndiyo kauli ya fundi wenu baada ya mashine yake ya kusoma hitilafu kukosa pa kuchomekwa. Kompyuta ipo. Isipokuwa gari hili ni la kabla ya soketi ya kisasa, ile iliyolazimishwa Marekani kwa magari madogo ya kuanzia mwaka 1996. Kwenye hili unachukua kipande cha waya, unaunganisha tundu A na B kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, unafungua swichi bila kuwasha injini, halafu unatazama taa ya injini. Inakonyeza mara moja, inatulia kidogo, inakonyeza mara mbili. Hiyo ni namba 12, yaani kompyuta iko macho; kila hitilafu nayo ina namba yake. Kama sensa ya kipepeo cha hewa ina hitilafu utaona 21 au 22; ya presha ya manifoldi, yaani njia ya hewa inayoingia kwenye injini, 33 au 34. Gari langu lilitoa 12 peke yake. Fundi makini hapo anaelekea kwenye mafuta, kwa kuwa kompyuta ile haina sensa yoyote ya kupima presha ya mafuta.

Fundi mwingine, tena asiye na jengo la vioo kama lenu, ndiye aliyefanya nilichowaomba. Alifunga geji kwenye paipu ya mafuta, akaupitisha mpira wake nje, akaibana geji kwa utepe kwenye kioo cha mbele tuione wote wawili tukiwa njiani. Tukiwa tambarare ilisoma PSI 11 (PSI ndicho kipimo cha presha), na inayotakiwa ni kati ya 9 na 13. Mlimani mshale ulishuka hadi 5, ndipo gari likasita. Mshale kwanza, kusita baadaye. Tanki liliposhushwa, kile kipande kifupi cha mpira kinachounganisha pampu na paipu ya kutolea mafuta kilikuwa kimepasuka, mafuta yanamwagika humohumo tankini. Pampu ilikuwa inaunguruma sawasawa, na aliyeipima kwa sikio bila shaka aliridhika.

Sasa narudi kaunta, maana kauli ile ya vyuma chakavu haikuja hivihivi. Kadi yenu ya kazi ilikuwa na tiki kwenye "Limejaribiwa barabarani." Nikaenda kwenye gari, nikapiga picha kilomita kwenye dashibodi, nikarudi nikaiweka picha hiyo kando ya namba mliyoiandika nyinyi siku ya kulipokea. Ni zilezile mpaka tarakimu ya mwisho. Nikamuuliza kwa upole, mbele ya watu hao hao, ni barabara ipi hiyo. Akaitazama picha. Akaitazama kadi. Hakujibu. Akazisukuma funguo mpaka zikaanguka upande wangu, akasema hayo ya vyuma chakavu. Nilizichukua sakafuni mwenyewe huku watu wakicheka.

Na bado. Kifuniko cha injini, kile kilicho katikati ya viti viwili vya mbele, kilirudishwa vibanio vyake viwili vikiwa vimeachwa wazi. Nilikuwa tayari niko njiani niliposikia joto mguuni na harufu ya egzosi ndani. Mnajua kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya egzosi, inafanya nini kwa watu waliofungiwa ndani ya gari? Hili ni gari ambalo watu hulala humo.

Nilikusudia kudai gharama ya ufundi tu. Baada ya kuyaandika haya nadai ankara yote irudishwe, pamoja na gharama ya fundi aliyeutafuta ugonjwa. Nadai vifaa vyangu vya zamani, ambavyo hamkuwa na ruhusa ya kuvitoa wala kuvitupa. Nadai barua ya kuomba radhi yenye sahihi ya mkuu wenu wa huduma mwenyewe, si sahihi ya katibu kwa niaba yake.

Mna siku 14 tangu kuipokea barua hii. Picha ya kilomita, kadi yenye tiki na kipande cha mpira kilichopasuka ninavyo vyote. Siku hizo zikipita, vinakwenda kwa mamlaka ya kuwalinda walaji, na suala la vibanio litakuwa dai la peke yake, halitaishia kwenye kurudishiwa fedha.

Wako,
Mteja, mwenye gari-nyumba

Nakala: Wakili wangu