Steji kwanza, taa baadaye

Mhariri,

Nimenyamaza miaka mingi, lakini ile ripoti yenu ya taa zitakazopisha mabasi mjini Mombasa imenishinda. Sisi wa Malindi, ambao magari yetu huingia huko kwa Mtwapa na daraja la Nyali, mmetuaminisha kwamba basi likitokea tu, taa inageuka kijani. Hiyo ni njia ya ambulensi. Kwa basi, taa hurefusha kijani kwa sekunde chache, ama hukatiza nyekundu mapema. Muda wa waendao kwa miguu hauguswi: barabara ya mita 12 humtaka mtu mwenye nguvu zake sekunde 10, na bibi mwenye kikapu humtaka zaidi.

Basi likienda kilomita 36 kwa saa, hupita mita 10 kila sekunde. Sensa, kile kifaa cha kulitambua basi, ikifukiwa barabarani mita 100 kabla ya taa, mtambo wa taa una sekunde 10 za kuamua. Steji ikiwa ndani ya hizo mita 100, kazi yote imeharibika. Mtambo unalingoja basi, basi limesimama, makanga yuko juu ya keria anafunga gunia la nazi. Kijani kimerefushwa bure, wa barabara ya pili wamecheleweshwa bure, na makanga akigonga bodi gari liondoke, nyekundu inawaka! Steji ikae ng'ambo ya makutano. Tena foleni ikifika mita 200, basi halitaifikia hiyo sensa kwa wakati bila njia yake pembeni, isiyogeuzwa maegesho ya tuktuk na bodaboda. Haya yote hamkuyagusa.

Halafu askari wa trafiki. Taa ni nyekundu, yeye anapunga magari yapite. Ni kijani, ameyazuia. Mtambo hauoni mkono wake. Akisimama pale, pesa za sensa zimekwenda.

Matatu za abiria 14 nazo zikipewa zote haki hiyo, kila mzunguko wa taa utakuwa na mwombaji, na hakuna atakayetangulia. Kwingine hupishwa basi lililochelewa kwa ratiba. Gari letu huondoka likijaa. Kuchelewa kwake kutapimwa kwa nini?

Naomba wanaopanga taa hizo waanze na njia panda moja, mwezi mmoja: steji ihamishwe mita 40 baada ya taa, njia ya basi ichorwe mita 200, askari aondolewe. Wapime sekunde ambazo mabasi yanangoja, kabla na baada, ndipo wanunue sensa.

Msomaji wenu,
Shella, Malindi