Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Siku 30 za kupinga matokeo ya mtaa zinaishia kwenye kutafuta karatasi

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

YAH: HAKI YA KUPINGA MATOKEO YA UCHAGUZI WA SERIKALI ZA MITAA

Mheshimiwa, kwa heshima kubwa nakuandikia mimi mkazi wa Temeke. Nimewahi kuwa wakala wa mgombea kituoni, na baada ya hapo nikawasindikiza majirani waliotaka kupeleka malalamiko yao mahakamani. Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 umeshapita na unaofuata ni wa mwaka 2029. Nimeona niandike mapema kwa sababu kanuni za uchaguzi huu hutoka ofisini kwako, na zile za 2024 zilitangazwa Julai, kura ikapigwa Novemba. Kwa mwendo huo, mwananchi akingoja mwaka wa uchaguzi ndipo atoe maoni, anakuta kanuni zimeshachapwa.

Asiyeridhika na matokeo ana siku 30 tangu yatangazwe kufungua shauri mahakamani. Ukizisoma kwenye kanuni unaziona nyingi. Njoo uone zinavyokwisha. Mtu anaanza kwa mtendaji wa kata, anaambiwa aandike barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Barua inapokelewa masjala, anaambiwa apite wiki ijayo. Mwingine anakwenda kwa Mkuu wa Wilaya, mwingine anashinda ofisi ya chama chake akisubiri viongozi waamue. Wote wanaamini wameshalalamika, na kweli wamelalamika, ila hakuna hata mmoja aliyefungua shauri. Siku ya 31 mlango wa mahakama umefungwa.

Wapo wanaopotea kwa jina tu la Kamati ya Rufani. Wanajua mgombea wao alipoenguliwa kwenye uteuzi alipeleka rufaa huko, basi na matokeo yakiwachoma wanarudi huko huko. Kamati ile ni ya mambo ya uteuzi. Matokeo yakishatangazwa ni kazi ya hakimu, na sijaona tangazo lolote ukutani mtaani kwetu lililomweleza mpiga kura hivyo.

Mheshimiwa, linaloniuma zaidi ni ushahidi. Hakimu hatasikiliza manung'uniko ya kijiweni. Atauliza kituo gani, nani alihesabu, nani alisaini, na je, kasoro hiyo ilitosha kubadili mshindi? Hili la mwisho watu wengi hawalijui. Aliyeshindwa kwa kura kumi, akionyesha kura ishirini zilizopigwa na watu wasio wakazi wa mtaa, ana hoja nzito. Aliyeachwa kwa kura mia tatu akaenda na ishirini hizo hizo, ataambiwa matokeo yangebaki yale yale. Ili ujue uko upande gani unahitaji fomu ya matokeo ya kila kituo na orodha ya wapiga kura wa mtaa.

Orodha hiyo siyo Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la Tume ya Uchaguzi. Iliandikwa peke yake, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024, chini ya usimamizi wa TAMISEMI. Kwa hiyo huwezi kwenda Tume kuiulizia. Fomu ziko halmashauri, orodha iko halmashauri, na Msimamizi wa Uchaguzi ni Mkurugenzi wa halmashauri hiyo hiyo. Mlalamikaji analazimika kumwomba karatasi mtu yule yule anayekusudia kumshitaki. Hata Mkurugenzi mwadilifu kabisa, na wapo, anawekwa mahali pabaya. Ngojangoja huumiza matumbo, na hapa inaua shauri kabla halijazaliwa.

Sisemi kila aliyeshindwa ameibiwa. Nimesimama kituoni nikaona makarani wachovu wakihesabu kwa uaminifu hadi usiku. Wao pia wanahitaji karatasi za kuwalinda, maana pasipo karatasi uvumi ndio unaotawala, na mwenyekiti aliyeshinda kihalali anaongoza miaka mitano watu wakimnong'ona.

Na mwenyekiti wa mtaa si cheo kidogo. Barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki, ya kumdhamini ndugu polisi, ya kijana anayetafuta kitambulisho cha NIDA, yote inapita kwake. Kikundi cha akina mama kinachoomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kinaanzia mtaani. Nyumba zinauzwa mbele yake. Kuna watu Mbagala na Vingunguti ambao hawatamwona mbunge wao maisha yao yote, lakini mwenyekiti wanamgongea mlango saa tatu usiku.

Katiba yetu, Ibara ya 41(7), inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume kumtangaza mshindi, na Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishasema Julai 2020 kwamba zuio hilo linakiuka haki. Huo ni mjadala mkubwa wa Bunge. Kwa mtaa mlango upo tayari. Ninachoomba ni njia ya kuufikia.

Kanuni zijazo ziagize kila wakala apewe nakala ya fomu ya matokeo iliyosainiwa, pale pale kituoni, bila kuomba, na nyingine ibandikwe mlangoni. Anayeomba nakala iliyothibitishwa ya fomu au orodha aipate ndani ya saa 48. Ofisi ikichelewa, siku zilizochelewa zisihesabiwe kwenye zile 30. Tangazo la matokeo lenyewe liwe na mistari miwili inayotaja mahakama ya kwenda na tarehe ya mwisho. Tangu 2021 sheria inataka mahakama zetu zitumie Kiswahili, hivyo hata kielelezo cha hati ya kufungulia shauri kinaweza kuwekwa ofisi ya kila mtaa, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wakajulishwa mapema wawe tayari wiki ile.

Naomba rasimu ya kanuni za 2029 iletwe kwenye mikutano ya mitaa ya Dar es Salaam angalau mwaka mmoja kabla ya kura, ili tuyajadili haya na wewe au wawakilishi wako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Temeke, Dar es Salaam