Safari ya Ujiji na baiskeli za umeme

Wanakikundi, habari za jioni. Jumapili tunaondoka stesheni ya reli ya Kigoma saa 12:30 asubuhi, tunapanda Mwanga, kisha Ujiji hadi pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871.

Wenye baiskeli za umeme karibuni, naona mnazidi kuongezeka. Ila mlima wa kwenda Mwanga msituache tukihema wenyewe! Punguzeni mota, au mtusubiri juu. Na maneno ya chini chini kwamba "hao hawanyongi" yaishe: nyingi zinasaidia pale tu unaponyonga, na mzee wetu mwenye goti bovu sasa anafika Ujiji nasi. Betri chajini usiku; ikiisha njiani, ule uzito utausukuma mwenyewe. Maji kila mtu na yake.